Chola, Nyekundu au ya Kijani?

Chola, chui wewe,

Hii si barua ya salamu. Salamu hupewa mtu atakayejibu, na wewe tangu tukuzike umeamua kunyamaza, jambo ambalo ulipokuwa hai hukuliweza hata ukiwa na ugali mdomoni. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na mtu niliyezoea kumwonyesha hasira zangu ni wewe.

Patro, mwenye kazi wetu, anataka jibu Jumamosi. Msumeno wetu wa mashine ulipondeka chini ya mti uleule uliokuua, na baada ya miezi yote hii ya kukata kwa shoka na msumeno wa mikono, mzungu wetu amekubali kununua mwingine. Migodi inataka nguzo, reli inataka mataruma, na pori halijikati lenyewe. Akaniita penye lori akaniambia mjini kuna mashine mbili, zote za watu wa kazi, si za kukatia kuni za jikoni, na nichague mimi kwa kuwa mimi ndiye nitakayeishika. Ungenionea wivu. Miaka yote tuliyomkatia miti hakutuuliza hata siku moja tunataka nini. Siku anauliza, wewe hupo.

Moja ni nyekundu, nyingine ni ya kijani. Nikikuambia hivyo nimekuambia karibu yote. Upanga unaobeba mnyororo una urefu uleule. Nguvu ni ileile. Nyekundu ni nzito kidogo, kama mtu amesahau jozi ya viatu ndani yake. Ya kijani inakata hata ukiilaza ubavu, nayo nyekundu vilevile. Nyekundu unaipigia oili ya mnyororo kwa kidole gumba, ya kijani inajipakia yenyewe, lakini fundi anasema ikiziba hutajua mpaka mnyororo uanze kutoa moshi. Nikiegemea huku naona sababu, nikiegemea kule naona sababu. Siku tatu nzima kichwa kimeniuma.

Unajua sisi tulivyokuwa tunaamua. Mimi mtu wa ukoo wa Mbuzi, wewe wa ukoo wa Chui, watani tangu kwa mababu, na kati yetu hakuna tusi linaloitwa tusi. Jambo likija, mimi nashika upande huu, wewe unashika ule, hata kama moyoni tunakubaliana, kisha tunatukanana mpaka mmoja acheke. Aliyecheka kwanza ameshindwa, na neno la mwenzake linafuatwa bila kinyongo. Ndivyo tulivyochagua viwanja vyetu kule mtaa wa Kenya. Ndivyo binti yako alivyoitwa Bernadeta, ingawa mimi nilitaka Agata, kwa sababu ulinitafunia taya lile lako. Lile la kwenda kando kando, macho umeyalegeza, kama mbuzi aliyesahau anatafuna nini. Silaha hiyo haikuwa haki, Chola. Nilikuambia mara nyingi haikuwa haki.

Watu walituona wapumbavu. Lakini mtu anayetafuta tusi la kukushinda lazima kwanza ajue kwa nini unasema unachosema. Wewe ulizichambua sababu zangu zote kama mwanamke anayechambua mchele, na mimi zako. Sikumbuki tulipoamua vibaya, isipokuwa mara moja. Nitaifikia.

Sasa nabishana na nani? Patro amenipa Ngoie badala yako. Ni mtu wa Mitwaba, mikono mikubwa, hanywi, hachelewi, na ana heshima ya kumuua mtu. Kila kitu ni "Ndiyo, mukubwa." Juzi nilimwambia mashine ya kijani ndiyo yenyewe. "Ndiyo, mukubwa." Nikanywa maji, nikarudi, nikamwambia nimefikiri tena, afadhali nyekundu. "Ndiyo, mukubwa." Karibu nimpige na sufuria. Nikajaribu kumchokoza, nikamuuliza kama mama yake alimwachisha ziwa kwa unga wa mbao. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, mukubwa." Alifikiri amekosea kitu! Nikabaki na tusi langu zuri mkononi bila mahali pa kuliweka.

Tulikwenda dukani, Patro, mimi na Ngoie. Unalijua duka lile la mitambo, lenye kioo kirefu barabarani. Mtu mweusi haingii akashikashika vitu. Kwa hiyo mimi, mchaguzi, nilisimama nje nikizitazama mashine kwa kioo, wakati Patro, ambaye hajawahi kukata hata tawi, alikuwa ndani akizipapasa. Mwishowe karani wa duka, kijana wetu mwenye tai, akazitoa nyuma uani, kwenye makasha matupu. Nikazibeba moja moja. Nikaomba kuwasha. Muuzaji akakataa kwa kidole kabla hata sijamaliza kuomba, akamwambia Patro, "C'est pareil." Karani akanitafsiria, "Anasema ni moya tu, baba. Kamata ile unapenda."

Ni moja tu! Kila mtu ananiambia hivyo. Fundi amesema hivyo. Dereva wa lori, ambaye hakuulizwa, amesema hivyo. Kama ni moja tu, mbona kuna mbili?

Nikamuuliza karani jambo moja ambalo nilitaka kulijua kuliko yote: mashine hizi zinazimwaje? Akacheka mpaka tai ikapinda. "Baba, bantu banauliza mashini inawaka namna gani. Weye unauliza inazimika namna gani?" Akampelekea muuzaji swali langu kama kichekesho, na muuzaji naye akacheka. Patro akatabasamu kwa adabu. Ngoie tu ndiye hakucheka, lakini yule hacheki kitu chochote, basi sikumhesabia.

Wewe ungejua kwa nini nimeuliza. Ulinifundisha wewe. Tulipokuwa tunavuta msumeno wa mikono, wewe upande ule, mimi upande huu, kila baada ya mivuto kadhaa uliinua kidole, tukasimama, tukabana pumzi. Mti ulikuwa unasema. Mulombwa unasema mapema, kwa sauti ndogo ndogo, kama mtu anayekunja magoti. Mubanga ni mkaidi, unanyamaza, unanyamaza, halafu neno moja tu, na ukilikosa neno hilo umekwisha. Ulikuwa unalaza shavu kwenye gome kabisa. Nilikucheka kwamba unambusu shemeji. Lakini kidole chako kikishuka haraka tuliacha msumeno palepale tukakimbia njia tuliyokwisha kuifyeka, na hakuna mti uliowahi kutugusa.

Ikaja mashine. Nani angesikia mti kwenye kelele ile? Tukabuni njia yetu: anayekata anazima mara mbili au tatu kabla ya mwisho, tunasikiliza, anawasha tena. Na asiyekata anasimama nyuma na fimbo ndefu, macho juu kwenye matawi. Matawi yakitikisika, anamgusa mkataji mgongoni kwa fimbo, naye anatoka. Patro alikuwa anapiga honi ya lori kutuuliza kwa nini kimya. Tulimwacha apige.

Halafu kifungo cha kuzimia kikavunjika. Kitu kidogo, hakizidi ukucha. Kuizima ikabidi ukanyage mashine na kuvua kwa kitambaa waya wa buji, ile inayotoa cheche, na mara mbili umeme wake ulikurusha mkono, ukaruka, ukaapa kwa lugha zote unazozijua. Mimi nikasema twende kwa fundi, atatia kifungo kingine. Wewe ukasema hapana. "Tukitengeneza, Patro hatanunua mupya hata tufwe. Leka ikae vile, imupe haya." Nikakuita kichwa cha kinu. Ukaniita mbuzi wa kafara anayejifunga kamba mwenyewe. Siku mbili tulibishana na hakuna aliyecheka. Ubishi ukabaki wazi, mashine ikabaki bila kifungo, na wewe, kwa kuwa kuizima kulikuwa taabu, ukaacha kuizima.

Nakukasirikia kwa hilo. Nalisema wazi, ukiwa huko ulipo. Mtu aliyewafundisha wenzake kusikiliza mti, akakata mubanga mzima, mnene vile, bila kusimama hata mara moja! Na mimi najikasirikia zaidi, kwa sababu fimbo ilikuwa mkononi mwangu.

Mubanga ule ulisema neno lake, hatukulisikia. Matawi yalitikisika, sikuyaona. Nilikuwa nimegeuka. Watu niliwaambia nilikuwa natafuta kabari. Mkeo Mama Bernadeta nilimwambia hivyohivyo, akanishika mkono akaniambia, "Haiko makosa yako, shemeji." Mkono wake ule nausikia mpaka leo. Sikuwa natafuta kabari, Chola. Kabari ilikuwa mfukoni.

Halafu matanga. Unajua kazi ya mtani kwenye matanga, wewe uliifanya kwa mjomba wangu mpaka wanawake wakalia na kucheka pamoja. Mimi nilipaswa kulala kaburini kabla yako na kukataa kutoka, niseme chui hawezi kuzikwa kabla hajarudisha mbuzi wetu wote aliowala. Nilipaswa kueleza ulivyokuwa ukikoroma, ulivyoanguka na baiskeli mbele ya padri, ulivyooga mara moja kwa mwezi na kuiita Pasaka. Yote niliyapanga kichwani. Nikasimama, watu wakageuka kunitazama, wengine wakaanza kutabasamu wakingojea. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nikakaa. Mtu mmoja wa ukoo wenu akasema kwa sauti ya chini kwamba mbuzi amemezwa. Ulizikwa bila utani, kama mgeni.

Basi, turudi kwenye mashine, maana Jumamosi haingojei machozi yangu.

Jana muuzaji alikubali kutukopesha zote mbili kwa siku moja, kwa heshima ya Patro. Tukavuka mto Kafubu, tukachagua milombwa miwili iliyokaribiana unene, isiyo na ubaya. Nikaanza na ya kijani. Chola, ungeipenda. Kamba inavutwa mara moja, inawaka. Nyepesi, haikuchoshi mabega, inaingia mtini kama kijiko kwenye uji. Nilikata mdomo wa mti upande wa kuangukia, nikazunguka nyuma, nikakata, nikazima, nikasikiliza, nikawasha, mti ukalala mahali nilipoonyesha kidole. Patro akapiga makofi. Dereva akasema hiyo hiyo. Moyo wangu ukasema hiyo hiyo. Nikajaribu na nyekundu kwa kutimiza tu, nikalalamika juu ya uzito wake, nikaangusha mti wa pili, nikaiweka chini. Nikamwambia Patro nimeamua, ya kijani. Kwa desturi tu nikamgeukia Ngoie.

"Hapana, mukubwa."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimesema hapana. Na ile ya kijani, mi siendi na weye mu pori."

Ngoie, mtu wa ndiyo! Mbele ya Patro! Nikamuuliza, yeye na nani, ana nini, anajua nini. Akachukua mashine ya kijani, akanionyesha. Kifungo cha kuzimia kiko nyuma, chini ya kofia ya mashine, na mtu lazima auachilie mpini kwa mkono mmoja, apapase, akipate. Akaichukua nyekundu. Kifungo kiko palepale penye gumba la kushoto. Mkono hauondoki mahali pake. "Nilikugusa na fimbo kwa muti ya kwanza," akasema, "ukatafuta kifungo, mi nikapumua mara ine. Kwa muti ya pili nikakugusa, ikanyamaza palepale. Mara ine ni mingi, mukubwa. Muti haingojee."

Nilijua anasema kweli. Nilijua kabla hajamaliza, na hilo ndilo lililonichoma. Mimi niliyechekwa dukani kwa kuuliza mashine inazimwaje, nimeishika mashine nyepesi mkononi, nimesahau swali langu mwenyewe! Kama ulivyosahau wewe. Nikapandwa na hasira, nikamfokea pale porini, sauti ikarudi. Nikamwita gogo la Mitwaba. Nikamuuliza: miezi yote hii umekaa kama bubu, leo ndiyo umepata mdomo?

Akanitazama, uso umekauka kabisa, wala hakukasirika. Akasema, "Mulomo nilikuwa nayo, mukubwa. Kintu ya kusema njo haikukuwa."

Nikacheka. Chola, nilicheka. Sikutaka. Ilitoka tumboni, nikakaa kwenye gogo, nikacheka mpaka Patro akauliza kwa Kifaransa kama ninaumwa, kisha kicheko kikageuka kitu kingine na nikajifunika uso kwa kofia. Ngoie akasimama tu na fimbo yake, hajui amefanya nini. Hajui kanuni. Hana habari kwamba aliyecheka kwanza ameshindwa. Lakini mimi naijua, na sikuwahi kuivunja.

Kwa hiyo ni nyekundu. Jumamosi nitamwambia Patro, naye atashangaa, na muuzaji atasema ni moja tu. Itaniumiza mgongo kila siku, na kila siku nitalalamika, na Ngoie atasema "Samahani, mukubwa," nami nitatamani kumpiga. Sawa.

Sasa nikuage, maana wino unakwisha na sijasema nililokuja kusema.

Nakuahidi kwamba hakuna mti nitakaoangusha bila kuzima mashine na kubana pumzi, hata Patro apige honi mpaka betri ife. Nitamfundisha Ngoie kulaza shavu kwenye gome. Na siku ya kumaliza matanga, ukoo wako ukikusanyika na Mama Bernadeta akivua kitambaa cheusi, nitasimama tena. Safari hii nitasema. Nitaanza na kukoroma, nitafuata na baiskeli na padri, nitamalizia na Pasaka yako ya kuoga. Watakapokuwa wamecheka wote, nitamwambia mkeo kwa nini nilikuwa nimekupa mgongo siku ile. Akinifukuza, nitakwenda. Lakini wewe usikie kwanza.

Mnyororo ulikuwa ndani ya mubanga, kelele imejaa pori zima, hatuwezi hata kutukanana. Uliinua macho ukanitazama juu ya mashine, ukanitafunia taya lile la mbuzi. Nilisikia kicheko kinapanda. Sikutaka ukione, kwa sababu ubishi wa kifungo ulikuwa bado wazi, na mimi nilitaka kushinda. Nikageuza uso.

Kwa hiyo usilale ukidhani ule ubishi wetu wa mwisho ulibaki bila mshindi. Nilicheka, chui. Nilicheka kwanza. Ulitaka mashine mpya, na mashine mpya inakuja Jumamosi.

Mbuzi wako,
Mwape